Kufufua Gari la Kale na Suala la Kitu Kubaki Kile Kile

Miongoni mwa masuala ya falsafa ambayo hayajapata jibu moja la kuwaridhisha wote, lipo suala la utambulisho wa vitu katika wakati, yaani suala la nini hasa kinachokifanya kitu kilichobadilishwa sehemu zake kihesabiwe kuwa bado ni kile kile cha awali, wala si kingine kilichochukua nafasi na jina lake. Suala hili limezoeleka kujadiliwa kwa mifano ya merikebu na ya mwili wa binadamu, lakini hujitokeza waziwazi zaidi katika kazi ya watu wanaofufua magari ya kale katika nyua za nyumba zao, kwa kuwa watu hao hulazimika kulijibu kwa mikono, boliti moja baada ya nyingine, hata kama hawakupata kulisikia likitajwa darasani. Hapa kufufua kuna maana ya kulirudisha gari lililokufa, yaani lililoacha kutembea na kutelekezwa, katika hali ya kutembea na kutambulika. Na mtu anayeifanya kazi hiyo ataitwa fundi wa hiari, kwa maana ya mtu asiyeishi kwa ufundi wa magari bali kwa kilimo, ualimu, uvuvi au utumishi, ambaye hujifunza ufundi huo kwa kuutenda, kwa gharama yake mwenyewe na katika saa zake za mapumziko.

Mkange, kata ya Halmashauri ya Chalinze wilayani Bagamoyo, iliyoko kaskazini ya mto Wami katika njia itokayo Mandera na Miono kuelekea Saadani, ni mahali panapolipa suala hili uzito wake halisi. Njia za upande huu hupita katika udongo mweusi unaonata, ambao wakati wa masika humeza magurudumu ya magari madogo, na kwa sababu hiyo kwa miongo mingi gari lililotegemewa lilikuwa lile lenye nguvu ya kusukuma magurudumu yote manne. Upande wa mashariki iko bahari, pamoja na mashamba ya chumvi ya Saadani, na hewa inayotoka huko hubeba unyevu wenye chumvi ambao hauna huruma kwa chuma. Kwa hiyo mazingira yale yale yaliyolifanya gari la aina hiyo kuwa la lazima ndiyo yanayoliua, na anayetaka kulifufua hukuta kwamba sehemu kubwa ya kile anachotaka kukiokoa haipo tena.

Gari lenyewe, katika hali nyingi, ni Land Rover. Lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa limebuniwa na kampuni ya Rover ya Uingereza wakati ambapo chuma kilikuwa adimu kutokana na vita vilivyokuwa vimekwisha karibuni, na uhaba huo ndio uliowafanya wabunifu waunde bodi kwa bati la Birmabright, ambalo ni mchanganyiko wa aluminiamu na magnesiamu. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba injini, bodi na ekseli, iliundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa mfano wa mirija ya pembe nne. Muundo huo uliendelea, kwa marekebisho, katika matoleo yaliyofuata ya mwaka 1958, 1961 na 1971, hadi toleo la mwisho la mfululizo huo lilipokoma mwaka 1985. Na waliolitumia pwani walijifunza upesi kwamba bati la juu halioti kutu ilhali fremu ya chini huliwa kutokea ndani, kwa sababu tope na maji ya chumvi huingia katika mirija ile na kukaa humo bila kuonekana. Tena mahali ambapo boliti ya chuma inagusana na bati la aluminiamu penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili huunda namna ya betri ndogo, nayo aluminiamu, ambayo hutoa elektroni kwa urahisi zaidi, huliwa polepole na kubaki unga mweupe kuzunguka kichwa cha boliti.

Matokeo yake ni kwamba gari linaloonekana zima kwa mtazamaji aliyesimama kando huwa limekwisha chini, na fundi wa hiari anayelivua bodi hukabiliwa na uamuzi ambao hakuutarajia. Akiiondoa chasisi iliyooza na kuweka nyingine mpya, akafunga injini iliyotoka katika gari jingine kwa kuwa ile ya kwanza ilipasuka, akabadilisha giaboksi, springi, nyaya zote za umeme, viti na vioo, kisha akanyoosha milango na kuipaka rangi, ni gari gani linalotoka uani kwake? Jirani atasema ni lile lile la marehemu mzee fulani. Askari wa usalama barabarani ataangalia kadi ya gari, ambayo huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini, na kukuta kwamba hakuna hata moja inayolingana.

Wanafalsafa wa kale walikutana na hali hii katika bandari. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, alisimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya shujaa Theseus kwa kuziondoa mbao zilizooza na kuweka nyingine imara, mpaka wanafikra wakagawanyika, baadhi wakisema merikebu imebaki ile ile na wengine wakikataa. Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655 kuhusu maumbile ya vitu, aliongeza ugumu kwa kuuliza ingekuwaje kama mtu angeziokota mbao zote za zamani zilizotupwa na kuziunga tena kwa mpangilio ule ule, kwa kuwa hapo zingekuwapo merikebu mbili, kila moja ikidai jina moja. Mashariki nako, katika maandishi ya Kibuddha yanayosimulia mazungumzo ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena, mtawa anamuuliza mfalme kama gari la farasi alilojia ni magurudumu, au ekseli, au nira, na kila mfalme anapokana, mtawa anaonyesha kwamba gari halipatikani katika sehemu yoyote, na kwamba jina hilo ni makubaliano ya watu juu ya sehemu zilizokusanyika. Jibu la Nagasena lina ujasiri, lakini haliwezi kutosha kwa anayefufua gari, kwa sababu makubaliano ya watu huweza kuwa ya kweli au ya uongo, na ni tofauti hiyo hasa inayohitaji kuelezwa.

Afrika Mashariki inayo merikebu yake, na kwa maoni ya makala haya mfano wake unafundisha zaidi kuliko ule wa Athene. Meli iitwayo leo Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa katika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi walioiunga walizipaka injini grisi nene kwa matumaini kwamba siku moja itainuliwa. Iliinuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya, na katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Meli hii imewahi kuwa masanduku, imewahi kuwa mzoga chini ya maji, imebadili jina, bendera na moyo wake wa mashine, na bado hakuna anayesita kusema kwamba ni ile ile ya mwaka 1913. Ukiulizwa ushahidi wa kauli hiyo, hutaonyesha ubao wala nati, bali utasimulia mfululizo wa watu walioishika mmoja baada ya mwingine, na miongoni mwao ni wale waliopaka grisi kitu walichokuwa wakikizamisha.

Dini zimelishughulikia suala hili kwa hofu na matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa kwao kitu kinachofufuliwa ni binadamu. Qurani, katika sura ya Yasin, inataja hoja ya mkanushaji anayeuliza ni nani atakayeihuisha mifupa ilhali imesagika, na inamjibu kwa kumkumbusha yule aliyeiumba mara ya kwanza. Jibu hilo linathibitisha uwezo, lakini wanazuoni walibaki na swali la utambulisho wa mwili wenyewe, yaani kama mwili utakaofufuliwa utakuwa ule ule au mfano wake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika suala la ishirini la kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alikubali kwamba nafsi inaweza kurudishwa katika mwili, uwe ni wa chembe zile zile za kwanza au wa chembe nyingine, akitoa hoja kwamba mtu hubaki yule yule tangu utoto hadi uzee ingawa mwili wake hukonda, hunenepa na kubadilishwa na chakula. Wanatheolojia wa Kiashari walikwenda mbali zaidi walipofundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nukta mbili mfululizo, na kwamba kila kitu kinaonekana kubaki kwa sababu tu Mwenyezi Mungu anaendelea kukiumba. Kwa mtazamo huo hata gari lililoegeshwa chini ya mkorosho kwa miaka 20 halikuwa limekaa tu, bali lilikuwa likipewa kuwapo kwake upya wakati wote.

Sambamba na hoja hizo za wasomi kuna mapokeo ya hadithi za Mtume, yaliyomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, kwamba mwili wote wa binadamu huoza isipokuwa mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo, ambao Waswahili huuita kifandugu, na kwamba kutokana na huo ndipo mtu ataundwa tena. Mapokeo haya yana hekima ya pekee kuhusu utambulisho, kwa sababu hayadai kwamba maada yote ihifadhiwe, wala hayauachi ufufuo uning'inie hewani bila kiungo chochote na kilichokuwapo; yanasema kwamba kinatosha kidogo, mradi kidogo hicho ni cha yule yule. Upande wa Ukristo, ambao kwa pwani hii ulipata kituo chake Bagamoyo mwaka 1868 walipofika Mapadre wa Roho Mtakatifu, mwalimu mkubwa wa kale Augustino, aliyefariki mwaka 430, alitoa mfano wa msanii anayeiyeyusha sanamu ya metali na kuiunda upya kwa metali ile ile yote, akisema hakuna haja ya chembe iliyokuwa mkononi irudi mkononi, maadamu hakuna kilichopotea wala kilichotoka kwingine.

Mifano hii miwili ya kidini ikiwekwa mbele ya gari, hutoa majibu tofauti. Kwa kipimo cha Augustino, mlango wa aluminiamu wa Land Rover uliouzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ukayeyushwa na kumiminwa ukawa sufuria, umehifadhi maada yake yote, na bado hakuna mpishi anayedhani anapikia katika mlango. Maana yake ni kwamba maada pekee, bila umbo na bila nia ya kulirudisha umbo, haibebi utambulisho wa vitu vilivyotengenezwa na wanadamu. Kwa kipimo cha kifandugu, gari linahitaji kiungo kidogo kisichooza, na sheria za nchi nyingi zimekitafuta kiungo hicho katika namba iliyopigwa kwenye chasisi. Katika Land Rover za zamani namba hiyo hupatikana kwenye kibati kilicho ndani ya gari na pia hupigwa juu ya chuma cha mbele cha kulia kinachoshikilia springi, mahali ambapo fundi wa hiari hukwangua kutu kwa brashi ya waya na kupaka chaki ili tarakimu zionekane.

Ila namba si kifandugu kamili, na hapa ndipo hoja inapobadilika kutoka kuwa ya maumbile na kuwa ya maadili. Kipande chenye namba kinaweza kukatwa kwa msumeno na kuchomelewa kwenye gari la wizi, na gari hilo likawa na kiungo halali juu ya mwili usio halali. Mwenye kufanya hivyo amehifadhi alama lakini ameghushi historia, na kosa lake halionekani katika chuma, kwa kuwa chuma kile kile, kikikatwa na kuchomelewa na mtu mwaminifu anayeokoa gari lake mwenyewe na kusema wazi alichofanya, kisingekuwa na hatia yoyote. Kwa hiyo kinachotofautisha gari lililofufuliwa na gari la kughushi ni ukweli wa maelezo yanayoambatana nalo.

Wanasheria wa Kiislamu waliliona jambo hili mapema walipojadili unyang'anyi wa mali, yaani hali ya mtu kuchukua kitu cha mwenzake bila haki kisha akakigeuza. Madhehebu ya Hanafi yalisema kwamba ngano iliyonyang'anywa ikasagwa unga imepoteza jina lake na sehemu kubwa ya manufaa yake ya awali, hivyo umiliki wa mwenyewe unakoma na anastahili fidia. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yalishikilia kwamba unga huo bado ni wa mwenye ngano, na kwamba mabadiliko hayaifuti haki yake. Katika fikihi ya Shafi, ambayo kitabu chake maarufu cha Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi kilikuwa tegemeo la makadhi wa pwani hii, imo pia hukumu ya ubao ulionyang'anywa ukaingizwa katika chombo cha majini: ubao hutolewa na kurudishwa kwa mwenyewe, isipokuwa chombo kikiwa baharini na kuutoa kukahatarisha maisha au mali yenye kulindwa, ambapo husubiriwa mpaka kifike nchi kavu. Hukumu hii ina maana kubwa kwa kila fundi anayefunga giaboksi asiyojua ilikotoka. Ubao haukupotea ndani ya jahazi kwa sababu tu umepigiliwa misumari na kukalafatiwa pamoja na mbao nyingine. Umebaki ubao wa fulani, na jahazi zima linausafirisha pamoja na deni lake.

Kutokana na hukumu hiyo inawezekana kulijibu suala la awali kwa namna ambayo merikebu ya Theseus haikuliruhusu. Kitu kilichotengenezwa na wanadamu hubaki kile kile kadiri panavyokuwapo mnyororo usiokatika wa watu waliokipokea, wakakitunza kama amana, na wakawa tayari kueleza kwa ukweli walichokiondoa na walichokiongeza. Mnyororo huo unafanana kwa tabia yake na isnadi, yaani orodha ya wapokezi ambayo kwayo wanazuoni huipima hadithi: maneno yanaweza kuwa mazuri, lakini kama katikati ya wapokezi kuna pengo au mwongo, uzuri wa maneno hauyaokoi. Gari nalo linaweza kung'aa na kunguruma vizuri, na bado likawa na isnadi dhaifu.

Jibu hili lina tokeo ambalo wapenzi wengi wa magari ya kale hawatalipokea kwa urahisi. Katika nchi tajiri, na pia katika maonyesho ya Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi, ambako magari na pikipiki hukaguliwa bodi, injini na hata upande wa chini, kipimo kinachopendwa ni ukaribu wa gari na hali lililokuwa nayo siku lilipotoka kiwandani. Kwa kipimo hicho, Land Rover la pwani ambalo miaka mingi iliyopita lilifungwa injini ya dizeli ya Isuzu au Toyota, likachongewa bushi kwenye mashine ya kukerezea chuma kwa sababu spea haikupatikana, na likaongezewa bamba la chuma kwenye springi ili libebe magunia ya mkaa na korosho, ni gari lililoharibiwa, na kulifufua ni kuyaondoa yote hayo. Makala haya yanashikilia kinyume. Walioyafanya mabadiliko hayo ni mafundi wa gereji bubu, yaani karakana za wazi zisizo na kibao wala leseni, ambao walifanya kazi bila vitabu vya kampuni na mara nyingi bila vipuri vyovyote, na ndio waliolifanya gari liendelee kuwapo wakati ambapo wenzake walikwisha kukatwa kuwa vyuma chakavu. Kuzifuta kazi zao kwa jina la uasili ni kuwaondoa wapokezi katika isnadi na kubaki na wa kwanza tu, yaani kiwanda cha Rover cha Solihull. Na hata huyo wa kwanza hakuwa peke yake, kwa kuwa Land Rover nyingi zilizotumika Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1970 zilifika zikiwa vipande na kuungwa Thika, nchini Kenya, kwa mikono ya Wakenya.

Wahifadhi wa majengo walikwisha kufikia hatua hii kwa njia yao. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio msingi wa uhifadhi wa magofu na majengo ya kihistoria duniani, unataka michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe, unataka kazi ya kurudisha ikome pale ubunifu wa kukisia unapoanza, na unataka kila kipande kilichoongezwa kioane na kizima lakini kiweze kutambulika kuwa ni cha baadaye. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilichukua fikra hizo na kuzitumia kwa magari katika Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012. Sharti la kutambulika kwa kipande kipya lina mzizi wa kimaadili ambao mwana wa pwani hahitaji kuutafuta Venice, kwa kuwa anaujua kutokana na mapokeo ya Mtume aliyetia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu, akamkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya mali yake. Chasisi iliyojazwa vipande vya bati na kupakwa lami nyeusi ili mnunuzi asiione mishono ya kuchomelea ni lundo lile lile, na fikihi humpa mnunuzi aliyefichwa kasoro ya namna hiyo haki ya kurudisha mali.

Lipo pingamizi zito dhidi ya kazi hii yote, nalo ni la israfu, yaani matumizi ya mali kupita kiasi au pasipo manufaa. Kumfufua mfu wa chuma hugharimu fedha nyingi kuliko thamani ya gari linalopatikana, na katika kijiji ambacho watu hutembea mbali kutafuta huduma, fedha hizo zingeweza kununua pikipiki inayofanya kazi mara moja. Pingamizi hili lisipuuzwe, kwa sababu kwa baadhi ya watu gari la kale ni pambo la kujionyesha tu, na hapo israfu iko wazi. Hata hivyo, kuipima kazi ya fundi wa hiari kwa bei ya gari lililokwisha ni kukosea kitu kinachozalishwa. Fundi wa gereji ya biashara halaumiwi akibumba, yaani akiunga kwa haraka ili gari lirudi barabarani jioni ile ile, kwa kuwa mteja anamngoja na watoto wanangoja chakula. Fundi wa hiari hana anayemngoja, na kwa hiyo anaweza kutenda kile ambacho soko haliwezi kukilipia: kuufungua mkebe wa breki aliokwisha kuufunga kwa sababu hakuridhika na sili moja, kumwita fundi mzee aliyewahi kulitengeneza gari hilo hilo na kumsikiliza akieleza kwa nini alikata pale, na kumwacha kijana wa jirani ashike spana na kuharibu nati ya kwanza ili asiiharibu ya pili. Kwa njia hiyo ujuzi ambao ungezikwa na wenyewe hupata warithi. Mafunzo ya Uislamu kuhusu itqani, yaani kuikamilisha kazi kwa ubora hata pale ambapo hapana anayekagua, hupata hapa uwanja wake safi kabisa, kwa sababu upande wa ndani wa chasisi ni mahali ambapo hakuna jicho la mwanadamu litakalofika tena baada ya bodi kurudishwa.

Kuna pia tofauti kati ya kufufua na kuhifadhi ambayo huathiri hukumu juu ya mali. Rolls-Royce lililo katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, ambalo lilitumiwa na serikali ya kikoloni ya Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere, linatimiza kazi yake likiwa limesimama, kwa kuwa limetolewa katika matumizi na kuwekwa kuwa ushahidi wa umma. Kulibadilisha tairi na nyaya ili litembee kungelipunguzia ushahidi huo pasipo kuwasaidia wasafiri. Peugeot 404 ya aina ile ambayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nayo mbio za Safari za mwaka 1966 na 1967, inaweza kuwa na haki tofauti, na ndiyo sababu mbio za magari ya kale zilizoanzishwa mwaka 2003 katika barabara za Kenya na Tanzania zinakubali magari yaliyobadilishwa: gari la mashindano likisimama limeacha kuwa lilivyokuwa. Kwa Land Rover la Mkange swali la kuuliza kwanza ni kama bado linahitajika kubeba watu na mizigo, kwa sababu gari linaloweza kumfikisha mzazi hospitalini usiku wa mvua halina sababu ya kuhifadhiwa kama jiwe la kaburi.

Fikihi ya wakfu, yaani ya mali iliyotolewa daima kwa ajili ya Mungu, inasaidia kuamua ni sehemu zipi zibadilishwe bila kusita na zipi zisiguswe. Kwa mujibu wa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, mikeka ya msikiti iliyochakaa inaweza kuuzwa na fedha zake zikatumika kwa maslahi ya msikiti, lakini msikiti wenyewe ukibomoka na ikashindikana kuujenga upya, hauuzwi kwa hali yoyote. Magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, yana msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, usio na paa wala waumini wa kudumu, na kwa hukumu hiyo ungali msikiti. Tairi, mikanda, mipira ya breki, vichujio na mafuta ya gari ni mikeka, na anayeng'ang'ania kuvitunza vya zamani kwa jina la uasili anahatarisha roho za watu barabarani. Chasisi yenye namba iko upande wa pili, na inapokuwa imeoza kabisa kiasi cha kulazimu kuiondoa, njia iliyo salama ni kutoa taarifa kwa mamlaka ya usajili na gari kukaguliwa kabla ya chuma kipya kuanza kutumika, kukihifadhi kile kipande chenye namba ya zamani bila kukichomelea mahali pengine popote, na kuandika katika daftari la gari tarehe ya mabadiliko, mahali chuma kipya kilikotoka, na majina ya wote walioshiriki, akiwamo yule wa gereji bubu aliyeifunga injini ya Isuzu, ambaye jina lake bado linakumbukwa na watu wawili watatu tu na lisipoandikwa sasa halitapatikana.